Kadi ya Krismasi yenye sahihi ya Tyrus Wong: maoni ya mnunuzi

Kadi niliyoinunua wiki mbili zilizopita katika duka la vitu vya kale hapa Sacramento ilinigharimu dola 12, nayo haijawahi kutumwa kwa mtu yeyote: ndani hamna jina wala salamu zaidi ya zile zilizochapwa, na bahasha yake, ambayo bila shaka ilikuwa nyeupe, imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mwenzangu wa kazini aliponiuliza kwa nini nimetoa fedha zote hizo kwa kitu ambacho kipya chake hakifiki hata nusu ya bei hiyo, nilimwonyesha pembe ya chini, penye maneno mawili yaliyoandikwa kwa brashi: Tyrus Wong, jina la mchoraji wa Marekani aliyezaliwa China.

Nianze na kadi yenyewe. Karatasi yake ni nzito na ina ukwaru mdogo unaohisika ukipitisha kidole. Upande wa kushoto umesimama mti mmoja mkubwa, ambao matawi yake yamepigwa kwa brashi iliyokaribia kukauka, na chini yake yupo mchungaji asiyezidi punje ya mchele pamoja na kondoo wawili ambao ni madoa tu mpaka uwasogeze karibu na jicho. Zaidi ya nusu ya kadi haina kitu. Mchapaji mwingine angeona hapo pana nafasi ya kengele, utepe na theluji ya kumetameta. Hapa karatasi imeachwa wazi, na uwazi huo ndio unaokuwa usiku, baridi na umbali. Rangi ya nyota imepauka kidogo, lakini mkunjo haujaanza kuchanika, jambo ambalo ni nadra kwa kadi za umri huu.

Mkono uliochora hivi ulifundishwa na baba maskini. Akiwa mtoto, Wong alijifunza mwandiko wa Kichina kwa kuchovya brashi kwenye maji na kuandika juu ya magazeti, kwa sababu wino na karatasi safi vilikuwa vinahitaji fedha ambayo haikuwepo. Maji hukauka, na herufi hupotea kabla hujamaliza kuisifu. Mtoto aliyezoea hivyo huipima brashi yake kabla haijagusa karatasi, nami nikitazama matawi ya mti huu naona kwamba hakuna hata moja lililorudiwa.

Alizaliwa mwaka 1910 katika mkoa wa Guangdong, kusini mwa China, na mwaka 1920 akavuka bahari kwenda Marekani pamoja na baba yake, akawaacha nyuma mama na dada ambao hakuwaona tena. Sheria ya Marekani ya mwaka 1882 ilikuwa imewafungia mlango wafanyakazi wa Kichina, na njia iliyobaki kwa wengi ilikuwa kuingia kwa hati za mtu mwingine, kwa kuwa moto uliofuata tetemeko la mwaka 1906 huko San Francisco ulikuwa umeteketeza kumbukumbu za serikali, na madai ya mtu kuwa amezaliwa Marekani, au kuwa mtoto wa raia, hayakuweza tena kuthibitishwa wala kukanushwa. Watu hao waliitwa wana wa karatasi. Katika hati zake mtoto huyu alikuwa Look Tai Yow, na kwa jina hilo alizuiliwa peke yake kwenye kituo cha wahamiaji cha kisiwa cha Angel, katika ghuba ya San Francisco, kwa muda wa karibu mwezi mmoja, akihojiwa na maofisa. Baadaye, katika mji huu huu ninaoandikia, mwalimu wa shule akaligeuza Tai Yow kuwa Tyrus. Kwa hiyo sahihi iliyo kwenye kadi yangu ina neno la kwanza lililotoka katika hati za uongo na kupindwa na mwalimu, na la pili, Wong, ambalo ndilo jina la ukoo wake hasa.

Hapa nina lawama kwa duka, ambalo sitalitaja. Kikaratasi cha bei kilikuwa kimeandikwa “kadi ya msanii wa Bambi”, basi. Ni kweli kwamba picha zake ndogo za msitu, zenye ukungu na majani yasiyohesabika moja moja, ndizo zilizoipa filamu hiyo ya katuni ya kampuni ya Disney, ya mwaka 1942, sura yake. Lakini filamu ilipotoka alikuwa ameshafukuzwa Disney, baada ya mgomo wa mwaka 1941 ambao yeye hakuushiriki, na jina lake likawekwa tu miongoni mwa wachoraji wa mandhari. Kadi ndiyo iliyobeba jina lake mpaka sebuleni kwa watu. Mwaka 1954 moja ya kadi zake iliuza zaidi ya nakala milioni moja, huku mchana akiendelea na ajira yake katika kampuni ya filamu ya Warner Brothers, iliyodumu hadi mwaka 1968.

Alipostaafu aligeukia tiara. Alitengeneza vipepeo, bundi, na tandu mrefu wa visahani vingi vilivyounganishwa kwa kamba, akawa anavirusha Jumamosi ufukweni Santa Monica, babu wa wajukuu wawili mwenye uzi mkononi, akiwa amepita hata miaka 90. Alifariki Desemba 2016 akiwa na umri wa miaka 106.

Kwa anayetaka kununua: tazama kwanza sahihi, kisha mkunjo, na usikubali kadi iliyopakwa plastiki, kwa sababu hapo ule ukwaru wa karatasi unakuwa umeuawa. Dola 12 kwa isiyotumika ni bei ya haki. Ile nyingine iliyokuwa na doa la kahawa niliiacha, ingawa mchoro wake ulikuwa na farasi mzuri. Muuzaji alikuwa mpole na alifunga kadi kwa uangalifu. Nilipomweleza kuhusu kikaratasi cha bei alikubali mara moja, akafuta maneno yale, akaandika “Cyrus Wong”. Nilimwomba kalamu.