"Mechi Iko Kwenye Televisheni": Uzoefu Wangu wa Tiketi ya Kriketi Nchini India

Kuna sentensi moja ambayo sijaweza kuisahau tangu siku nilipokwenda kutazama mechi ya timu ya taifa ya India katika mji mmoja mkubwa wa nchi hiyo. "Mechi iko kwenye televisheni, nenda ukaitazame nyumbani." Aliyeitamka alikuwa ofisa wa chama cha kriketi cha jimbo, mwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni, na aliyeambiwa alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu aliyekuwa amekwisha kulipia tiketi yake wiki kadhaa kabla. Miezi imepita, nami nimejaribu kungoja hasira ishuke ndipo niandike, lakini kila ninapoikumbuka sentensi ile inapanda upya, basi nimeamua kuandika nikiwa nayo.

Niseme kwanza kwamba mchezo huu si mgeni kwangu. Mimi ni Mkenya wa Mombasa, nimeishi India miaka kadhaa kwa masomo na baadaye kwa kazi, na mapenzi ya kriketi niliyarithi kwa marehemu baba yangu. Hakuchoka kunisimulia habari ya tarehe 29 Februari 1996, siku ambayo Kenya, ikiwa imepata mikimbio, yaani alama, 166 tu katika Kombe la Dunia pale Pune, India, iliwatoa West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, wote kwa mikimbio 93. Alipofika mahali ambapo Rajab Ali anamtoa Brian Lara, mpigaji nyota wa West Indies, na mpira unadakwa na Tariq Iqbal, mlinda wiketi, yaani yule anayesimama nyuma ya vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji, alikuwa akisimama kutoka kitini. Kwa hiyo nilipokuja India nilikuja na heshima, na nilitaka hata siku moja nikae katika jukwaa la nchi ambayo baba aliiona kuwa nyumba ya mchezo wenyewe.

Tiketi niliinunua kwa simu. Nilingoja katika foleni ya mtandaoni iliyonionyesha maelfu ya watu walio mbele yangu, na viti vya bei nafuu vikatoweka kabla sijaruhusiwa hata kuviona; nikalipia kiti cha bei ya kati pamoja na ada ya huduma. Nililipa kwa furaha. Siku mbili tatu kabla ya mechi ukaja ujumbe kwamba tiketi ile ya simu haitamwingiza mtu uwanjani, bali kila mnunuzi aende kwenye dirisha maalumu, akiwa na kitambulisho na nakala yake, abadilishiwe apewe tiketi ya karatasi. Hii ndiyo nchi ambayo muuza chai wa barabarani hupokea malipo kwa simu kwa kumwelekeza mteja kwenye picha ya msimbo iliyobandikwa juu ya mkokoteni wake, na bado shabiki wa kriketi analazimishwa kubadilisha tiketi ya simu kwa kipande cha karatasi.

Dirisha lilikuwa moja. Lilikuwa tundu dogo katika ukuta, lenye nondo, chini kiasi kwamba mtu mzima alilazimika kuinama ili aongee na aliye ndani, na mbele yake kulikuwa na uzio wa mabomba uliotubana wawili wawili juani. Mbele yangu alisimama mzee huyo niliyemtaja. Alikuwa na mfuko wa plastiki angavu, na ndani yake niliona kitambulisho, nakala yake, penseli mbili, kichongeo, na daftari refu lenye mistari ya kuandikia alama za kriketi. Aliniambia kwamba ameandika kila mechi aliyoihudhuria tangu ujana wake, mpira kwa mpira, wala hajawahi kuacha nafasi tupu katika ukurasa. Aliniita beta, yaani mwanangu, nami nikamwita mzee kama ambavyo ningemwita nyumbani, na aliponiuliza maana ya neno hilo na kuielewa, alilipenda.

Tulisimama pale zaidi ya saa tatu. Tulisikia wimbo wa taifa ukiimbwa ndani, kisha kelele za mpira wa kwanza, na foleni haikusogea. Mzee alipofika dirishani akaambiwa kwamba zinatakiwa nakala mbili za kitambulisho, si moja. Ujumbe uliotumwa ulisema nakala, bila idadi. Aliomba kwa adabu wachukue ile moja, akaonyesha tiketi katika simu, akaonyesha na kitambulisho chenyewe. Wakati huo huo mlango wa pembeni ulifunguliwa na yule ofisa akatoka akiwa na bunda la pasi za bure zilizofungwa kwa rababendi. Akaenda hadi kwenye gari lililosimama kivulini, akahesabu sita, akampa aliyekuwa ndani bila kuuliza nakala ya chochote. Aliporudi, mzee alimgeukia akamweleza shida yake. Ndipo akasema maneno yale, tena bila kusimama.

Mimi nilivuka barabara nikamtolea mzee fotokopi, ambayo siku hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa bei isiyo na haya. Tuliingia ova kumi na moja, kila moja ya mipira sita, zikiwa zimekwisha.

Sasa, nimelifikiria sana neno la yule ofisa, na kinachoniuma zaidi ni kwamba kwa hesabu za wakubwa wake alikuwa sahihi. Haki za kutangaza IPL, ligi kuu ya kriketi ya India, kwa misimu ya 2023 hadi 2027 ziliuzwa kwa rupia zaidi ya bilioni 483. Bodi ya kriketi ya India, BCCI, ni tajiri kuliko bodi nyingine yoyote ya mchezo huu duniani, na mlango wa uwanjani unaiingizia kidogo sana ukilinganisha na skrini. Shabiki anayesimama juani na penseli zake hana uzito katika mizani hiyo. Ana kazi moja tu, kujaza jukwaa ili picha ipendeze, na hata kazi hiyo anazuiwa kuifanya.

Na huyo aliyetumwa nyumbani kwenye televisheni anakuta nini? Anakuta wiketi inaanguka, yaani mpigaji anatolewa, na kabla hajaona uso wa mrushaji picha inakatwa, linaingia tangazo. Jambo hili si la kulalamikiwa na mimi peke yangu. Kamati ya Jaji R. M. Lodha, iliyoundwa na Mahakama ya Juu ya India baada ya kashfa ya upangaji wa matokeo na kamari katika IPL ya 2013, ilitoa ripoti Januari 2016 na ikalisema waziwazi, ikapendekeza matangazo yawekwe katika mapumziko badala ya kuingizwa kila ova. Mahakama ilikubali sehemu kubwa ya ripoti ile mwezi Julai mwaka huo huo, lakini pendekezo la matangazo iliwaachia bodi wenyewe waliamue, na kila anayetazama leo anajua walivyoamua.

Ripoti ile niliipenda, na bado naipenda. Ilitaka kila jimbo liwe na kura moja katika bodi, maana Maharashtra na Gujarat zilikuwa na kura tatu kila moja wakati Bihar nzima haikuwa na hata moja. Ilitaka mawaziri na watu waliopita miaka 70 wasishike ofisi, na viongozi wapumzike kati ya vipindi. Bodi ilipokaidi, Mahakama ilimwondoa rais wake, Anurag Thakur, na katibu, Ajay Shirke, mwanzoni mwa Januari 2017, ikaweka kamati ya wasimamizi chini ya Vinod Rai. Mimi na wenzangu kazini tulishangilia siku ile kama tuliofunga bao. Kisha katiba mpya ya bodi ikapita Agosti 2018, na tangu hapo imelegezwa. Septemba 2022 Mahakama yenyewe iliruhusu kiongozi akae madarakani miaka 12 mfululizo, sita katika jimbo na sita katika bodi, kabla ya kulazimika kupumzika. Nakiri kwamba hata kabla ya kulegezwa kwake, mageuzi yale yalipigania viti vya juu, na lile dirisha lenye nondo halikuguswa.

Hapana, hapo ninakosea kidogo, na sitaki kuwaonea. Liliguswa mara moja. Katiba ya 2018 ilitaka asilimia 90 ya viti iuzwe kwa umma, tiketi za bure zisizidi asilimia 10. Kilichofuata kinaeleza kila kitu: Oktoba mwaka huo mechi ya India na West Indies iliyopangwa kuchezwa Indore ilihamishiwa Visakhapatnam kwa sababu bodi na chama cha jimbo waligombania pasi za bure. Mechi nzima ya kimataifa ikahama mji kwa ajili ya pasi! Ukijiuliza kwa nini, tazama jinsi vyama vya majimbo vinavyoendeshwa. Wenye kura ni klabu na wanachama, na pasi ni hela ya siasa zao. Anayegawa nyingi hupendwa, na anayependwa huchaguliwa tena. Zile pasi sita zilizokwenda kwenye gari lile zilikuwa na kazi kubwa zaidi ya kutazama mechi.

Ndiyo maana, kama ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja, nisingeanza na umri wa viongozi. Ningeanza na orodha: baada ya kila mechi chama kitangaze kiliuza viti vingapi, kiligawa vingapi bure, na kwa nani. Tiketi ya simu iwe tiketi, ifunguliwe mlangoni, basi. Na katika kila chama cha jimbo wanunuzi wa tiketi wawe na wajumbe waliowachagua wenyewe, wenye kura, si wa kupamba meza. Ratiba nayo itoke mapema na ikitoka isichezewe. Ya Kombe la Dunia la 2019 kule Uingereza ilijulikana zaidi ya mwaka mmoja kabla. Ya 2023 hapa India ilitoka siku 100 kabla, ikabadilishwa mechi tisa mwezi Agosti, na tiketi zikaanza kuuzwa mwishoni mwa mwezi huo huo kwa mashindano ya kuanza tarehe 5 Oktoba. Mtu mwenye kazi na familia atapangaje safari hapo? Siku ya ufunguzi, Uingereza dhidi ya New Zealand, dunia iliona sehemu kubwa za uwanja wa Ahmedabad, ambao ndio mkubwa kuliko viwanja vyote vya kriketi duniani, zikiwa tupu.

Na maji. Huruhusiwi kuingia na chupa yako, kwa hiyo aliyekuzuia ana wajibu wa kukunywesha. Oktoba 2024 huko Pune, mji ule ule wa hadithi za baba, watazamaji wa Test, yaani mechi ya siku tano, kati ya India na New Zealand walikaa juani katika majukwaa yasiyo na paa bila maji ya kunywa, hadi chama kikaomba radhi. Jukwaani kwetu yalikuwapo, ya kuuzwa kwa kikombe kidogo cha plastiki, na mzee alikataa kuyanunua mpaka nilipomnunulia mimi. Nilipowaza kwamba tarehe 4 Juni 2025 watu 11 walikufa kwa msongamano mbele ya uwanja wa Bengaluru, walipokwenda tu kushangilia kombe la timu yao, niliona kwamba neno utaratibu, ambalo watu huliona dogo, lina uzito wa roho za watu.

Basi ningesema kila mtu akae mbali. Nilikuwa nimeliamua hilo foleni ikiwa bado ndefu. Lakini haki inanidai niseme kilichotokea tulipokaa. Mrushaji wa mpira wa kuzunguka aliingia, mpira ukaanguka nje ya mstari, ukageuka, ukaigusa wiketi, na watu maelfu wakainuka kwa sauti moja ambayo niliihisi kifuani kabla haijafika masikioni. Mwanamke aliyekaa nyuma yetu, ambaye hakutujua, alitupitishia mkate wa chapati uliofungwa ndani ya gazeti, wenye viazi na pilipili. Nilimfikiria baba, nikalia. Kwa dakika zile ningewasamehe wote, na bei yote, na jua lote.

Kisha nikatazama daftari la mzee. Upande wa kushoto wa ukurasa kulikuwa na safu kumi na moja tupu, na alikuwa amezizungushia mstari mwembamba wa penseli. Jirani mmoja alijitolea kumpa takwimu zile kutoka kwenye simu ajaze. Alikataa. Alisema yeye huandika anachokiona. Msamaha wangu wote ukaishia pale, na kwa huduma ya siku ile sina alama ya kuwapa.

Wiki chache baadaye mzee alinipigia simu, tukaenda pamoja kutazama mechi ya Kombe la Ranji, mashindano ya majimbo, katika kiwanja kidogo zaidi cha mji ule ule. Kiingilio kilikuwa bure. Lango lilikuwa wazi, askari wawili walikuwa wakinywa chai, na ukutani palikuwa na mabomba ya maji ambayo mtu yeyote angeweza kufungua na kunywa. Chama ni kile kile. Hakuna aliyetuuliza nakala. Mzee alichagua kiti nyuma ya mrushaji, akalifungua daftari kwenye ukurasa mpya, akachonga penseli taratibu huku wachezaji wakitoka, na mpira wa kwanza uliporushwa aliweka nukta yake katika kisanduku cha kwanza.