Pampu ya ABS ya mtumba Arusha na Moshi: inafaa, ila gari lipimwe kwanza

Tunachokitathmini hapa ni pampu ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga unapokanyaga breki kwa nguvu) ya mtumba kutoka Japani kwa Toyota ndogo zilizojaa barabarani kwetu (IST, Vitz, Spacio, Premio, Allion), pamoja na kazi ya kuifunga. Kama kifaa, pampu hiyo ni ya kuaminika na inastahili pesa yake. Tatizo liko kwenye kazi. ABS imekaa katikati ya mafundi wawili: fundi wa breki anasema hayo ni mambo ya umeme, fundi umeme anasema hiyo ni pampu, na mwenye gari anaondoka na pampu aliyonunua huku taa ikiwaka vilevile.

Kifaa chenyewe ni bonge la aluminiamu lenye matundu sita ya bomba: mawili yanapokea mafuta ya breki kutoka masta silinda (silinda inayosukumwa na pedeli), manne yanapeleka kwenye tairi. Upande mmoja kuna mota, upande wa pili kontroli boksi (kompyuta ya ABS), na ndani kuna valvu nane za umeme, mbili kwa kila tairi: moja ya kuzuia mafuta yasiingie, nyingine ya kuyatoa. Gari lenye mfumo wa kuzuia kuteleza, VSC, lina valvu zaidi, na pampu yake haibadilishani na ya gari lisilo nao hata kama kwa nje zinafanana kama mapacha.

Kabla ya kununua

Taa ya njano ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zipo, kilichopotea ni kinga ya tairi kujifunga. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, angalia hendibreki na kiasi cha mafuta kwenye kikopo. Vikiwa sawa, basi mgawanyo wa nguvu kati ya breki za mbele na za nyuma nao umekufa, na ukikanyaga kwa nguvu tairi za nyuma zinaweza kujifunga mapema na mkia wa gari ukazunguka. Gari la namna hiyo lisiteremke kutoka Kibosho wala Machame hata kwa mwendo wa pole. Lipimwe pale lilipo.

Mashine ya kupimia iwe ile inayoingia kwenye ABS. Vile vifaa vidogo vya bei nafuu husoma injini tu, na fundi akikuambia "haina kodi" (namba ya hitilafu) kwa kutumia kimojawapo, hajapima kitu. Kwenye Toyota hizi, kodi C0200 ni sensa ya mwendo wa tairi ya mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto. Hizo hazina uhusiano na pampu. Tafuta waya uliokatika karibu na shokapu, tope lililoganda kwenye sensa, au beringi iliyobadilishwa karibuni. Beringi nyingi za sasa zina ringi ya sumaku upande mmoja, na ikigongwa kinyume sensa haioni kitu chochote. C1241 ni umeme mdogo, kwa hiyo angalia betri na alternata. Zinazoelekeza kwenye pampu ni C1251 na C0273 kwa upande wa mota, na C0278 kwa rilei (swichi ya umeme) ya valvu. Hata hizo zinaelekeza tu, bado hazijahukumu.

Kwa gari la zamani kidogo, bila mashine, unaunganisha tundu la 13 na la 4 kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani, unawasha swichi bila kupiga stata, kisha unahesabu taa ya ABS inavyopepesa. 31 hadi 34 ni sensa za tairi, 41 ni umeme mdogo, 51 ni mota ya pampu. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuchomeka waya, kwa sababu tundu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja.

Sasa kipimo ambacho watu wengi wanakiruka, na ndicho kinachookoa pesa. Ondoa terminali hasi ya betri, chomoa soketi kubwa ya pampu, itazame kwenye mwanga mzuri. Pini zenye unga wa kijani maana yake maji yameingia. Kisha rudisha betri, angalia fyuzi mbili kubwa za ABS (mara nyingi ni 50A ya mota na 30A ya valvu), halafu pima nyaya nene za umeme pale kwenye soketi. Usiridhike na mita pekee. Waya uliobaki uzi mmoja bado utaonyesha volti 12 kwenye mita. Chukua balbu ya taa kubwa ya mbele, upande mmoja kwenye waya wa umeme, mwingine kwenye waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi) wa soketi hiyohiyo. Ikiwaka nyeupe kabisa, njia ya umeme ni nzima. Ikiwaka hafifu, tatizo ni waya au bolti ya ethi kwenye bodi, iliyopata kutu ya matope ya masika, na dawa yake ni msasa na grisi kidogo. Balbu iking'aa vizuri na kodi ya mota ikarudi baada ya kufutwa, hapo ndipo pampu ina kesi ya kujibu.

Kuna wanaoilaumu pampu kwa pedeli laini au inayozama polepole. Mara nyingi mwenye kosa ni masta silinda au upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mafuta ya breki. Ziba matundu ya masta silinda kwa plagi za nati zenye kipimo chake, kanyaga. Pedeli ikizama bado, badilisha masta. Ikisimama kama jiwe, endelea mbele kwenye pampu, mipira ya bomba na silinda za tairi.

Mbele ya muuzaji

Nenda na pampu ya zamani mkononi, au angalau picha yake ya karibu na namba ya chesesi. IST ya NCP60 ni ya injini ya cc 1300, NCP61 ni 1500, NCP65 ni ya kuvuta tairi zote, na pampu ya hii ya mwisho usiichukue kwa kubahatisha. Kwenye stika ya pampu tafuta namba ya Toyota, kwa kawaida inaanzia 44050 au 44510, na ya kontroli boksi inaanzia 89541. Namba zilingane tarakimu kwa tarakimu. "Mkuu, hii inaingia tu" ni kweli kwa bolti na bomba. Programu ya ndani imepangwa kwa uzito wa gari, ukubwa wa tairi na aina ya breki za nyuma.

Halafu tazama yale matundu sita. Pampu iliyotolewa kwa uangalifu ina vifuniko vya plastiki na ndani bado kuna unyevu wa mafuta. Iliyokaa wazi kwenye rafu utaiona: mafuta yameshika vumbi yakawa uji mweusi kwenye mdomo wa tundu, na ukipitisha ncha ya karatasi nyeupe inatoka na chembechembe. Hiyo iache hata ikipunguzwa bei nusu. Chembe ndogo kuliko punje ya mchanga inatosha kuizuia valvu isifunge, na hakuna kuisafisha ukiwa umeshaifunga kwenye gari.

Wauzaji wengine huigusisha mota kwenye betri, ikalia, na biashara ikaishia hapo. Kipimo hicho kinathibitisha mota peke yake. Hakisemi neno juu ya valvu wala boksi. Na asijaribu valvu kwa betri kwa muda mrefu, koili zake zinaungua. Dhamana inayofaa ni hii: namba ya pampu iandikwe kwenye risiti, muuzaji akubali kuirudisha ndani ya siku kadhaa kodi ileile ikirudi, na nyote wawili muweke alama ya rangi kwenye bodi ya pampu ili pasitokee ubishi wa kubadilishiwa. Asiyekubali hayo, duka la jirani lipo.

Kuifunga

Kazi yenyewe ni ya nusu siku kwa fundi asiye na haraka. Anahitaji spana ya bomba ya 10, ile ya ringi iliyokatwa mdomo ili ipite kwenye bomba. Spana ya kawaida huzila kona za nati, kisha inaletwa praisi, bomba linapindika, na sasa unanunua na bomba. Nati zilizoshika zipakwe mafuta ya kulegeza kutu mapema, ikiwezekana usiku wa kuamkia kazi.

Betri itolewe. Pedeli ikandamizwe kidogo kwa kipande cha mti kilichobanwa na kiti, sentimita chache tu, ili masta ijifunge na mafuta yasimwagike yote. Kila bomba lipewe alama ya tepu na kupigwa picha kabla halijaguswa. Hapa tunasisitiza kuliko mahali pengine popote: bomba mbili za tairi zikipishana, hakuna taa itakayowaka. Breki zitafanya kazi, mashine itasema safi, na siku ya mvua kompyuta itaiachia tairi isiyoteleza huku inayoteleza ikibaki imefungwa.

Wakati wa kurudisha, kila nati ianze kwa vidole mizunguko kadhaa kabla ya spana. Bodi ya pampu ni aluminiamu, na nati iliyoingia upande inaharibu nyuzi zake moja kwa moja. Kukaza ni karibu nyutoni-mita 15 hadi 20 kwa magari mengi haya, yaani mkono mmoja na spana fupi. Mipira mitatu inayobeba pampu iwe mizima, la sivyo mtetemo utazifikia bomba.

Upepo

Hii ndiyo sehemu inayotenganisha gereji na gereji. Nunua lita moja ya mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha kikopo kinavyosema, chupa iliyofungwa, na ya akiba nusu lita. DOT 5 ya silikoni usiiguse kwenye gari lenye ABS. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana usiitumie, mafuta haya hunywa unyevu wa hewa. DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini ikishanywa maji kiwango hicho hushuka hadi 140, na mteremko mrefu kutoka Marangu hadi Himo ukiwa umekanyaga breki muda wote unaweza kuyafikisha hapo. Ukiona yaliyomo kwenye kikopo yana rangi ya chai ya rangi, yalishapitwa na wakati.

Pampu ya mtumba inakuja kavu au nusu kavu. Kutoa upepo kwenye tairi nne kwa kukanyaga na kufungua nipo (kiskrubu cha kutolea upepo kwenye kila tairi) hakuwezi kutoa hewa iliyofichika nyuma ya valvu zilizofungwa. Utaratibu ni huu: toa upepo kwenye masta, kisha kwenye tairi kwa mpangilio wa kitabu cha gari, kikopo kisishuke chini ya MIN hata mara moja. Kisha mashine iamrishe mota na valvu kwa sekunde chache, ipumzike, irudie. Halafu tairi zote nne tena. Fundi anayesema "tutakwenda kwenye vumbi, tufunge breki kali mara kumi, itatoka yenyewe" anatumia njia inayoweza kusaidia hewa ndogo iliyobaki. Kwa pampu iliyoingia kavu hatuikubali, maana gari linatoka gereji likiwa na pedeli ya sifongo ili likajitengeneze barabarani. Kabla ya kuacha gari, uliza swali moja: mashine yenu inawasha pampu ya ABS, au inasoma kodi tu?

Mashine hiyohiyo inakamata bomba zilizopishana. Gari liinuliwe, mmoja akanyage breki, mwingine ajaribu kuzungusha tairi kwa mkono, mashine iamrishe kuachia ya mbele kulia. Ikiachia nyingine, rudi kwenye picha zako. Ni dakika kumi, na tungelipia hata kama ingeandikwa kwenye bili peke yake. Gari lenye VSC linahitaji pia sensa zake kupangwa upya sifuri, gari likiwa sakafu tambarare na usukani umenyooka.

Mpya, au kutengeneza boksi?

Pampu mpya ni bora, na kwa gari la abiria au la watalii ndiyo tungechagua, ila huagizwa na bei yake inaweza kufika kiwango kisicho na maana kwa IST ya 2003. Kutengeneza boksi kwa kulehemu upya viungo vilivyopasuka ndani kunafaa kwa magari ya Ulaya kama Golf na Audi, ambako boksi la mtumba hubeba mpangilio wa gari lilikotoka. Kwa Toyota hizi, ya mtumba inashinda, mradi masharti ya juu yametimia.

Majaribio yawe mahali tambarare, pa vumbi, pasipo watu. Ukianza kuondoka utasikia mlio mfupi wa pampu ikijipima. Fika kilomita 30 hadi 40 kwa saa, kanyaga kwa nguvu: pedeli itetemeke mguuni, usukani ubaki unatii. Pedeli ikitetemeka kwenye lami kavu kwa mwendo mdogo unaposimama taratibu, sensa moja inadanganya, rudi kupima. Baada ya siku mbili, fungua boneti, pitisha kitambaa kikavu kwenye nati zote sita. Kikitoka na unyevu, gari lisitoke nyumbani mpaka nati hiyo ishughulikiwe, na rangi ya bodi iliyodondokewa imwagiwe maji mara moja kabla haijabanduka.