Uzoefu wangu: darasa la mapishi ya nafaka na sayari, Upanga

Mwezi uliopita nilimaliza darasa la mapishi yasiyo na nyama linalofundishwa nyumbani kwa mama mmoja wa Kigujarati hapa Upanga, Dar es Salaam. Ni Jumamosi nne za saa mbili mbili, kwa ada ya shilingi 120,000 pamoja na kijitabu. Kilichonipeleka ni mume wangu kuambiwa apunguze nyama, wala sikuwa na habari ya nyota, kumbe nyota ndizo zilizopanga masomo yote.

Msingi wake ni nafaka tisa ambazo Wahindu huzihusisha na sayari tisa za unajimu wao, saba kati yake zikiwa na siku zake katika juma. Kwa orodha ya mwalimu, Jumapili ni ya jua na ngano, Jumatatu ya mwezi na mchele, Jumanne ya Mirihi na mbaazi, Jumatano ya Utaridi na choroko, Alhamisi ya Mushtari na dengu, Ijumaa ya Zuhura na maharage meupe, na Jumamosi ya Zohali na ufuta mweusi. Kwao siku zenyewe zina majina ya sayari, hivyo hakuna cha kukariri. Sisi tunaohesabu mosi, pili, tatu ilibidi tubandike karatasi kwenye friji.

Pishi lililonivutia zaidi ni choroko za Jumatano. Huoshwa na kuchemshwa kama nusu saa bila kurowekwa, kisha mafuta hupashwa pembeni, haradali ikatiwa mpaka iache kurukaruka, zikafuata binzari nyembamba, manjano na mvuje kidogo sana, na vyote vikamiminwa chunguni vikiwa vinachachatika. Mvuje! Bibi yangu wa Pangani alikuwa akitufungia shingoni ndani ya kitambaa cheusi ili kutukinga na jicho baya, wala sikuwahi kufikiri kwamba huliwa. Mwalimu huutumia badala ya kitunguu, na ile harufu yake kali, ikishapita kwenye mafuta ya moto, hubaki utamu usioelezeka.

Kasoro zipo. Kijitabu kinaagiza ukwaju na nyanya vitiwe pamoja na dengu tangu mwanzo, nami nikafuata, nikachochea mkaa saa mbili na dengu zikabaki ngumu kama kokoto, kwa kuwa uchachu huzuia kunde kuiva. Siku hizi naziroweka usiku kucha na kutia ukwaju zikishalainika. Sikupendezwa pia na kikao cha mwisho, ambapo tulishawishiwa kulipia usomaji wa nyota na pete ya jiwe. Kwamba choroko hunoa akili kwa baraka za Utaridi siwezi kulithibitisha. Ninachojua ni kwamba lile swali la kila jioni, tule nini leo, limekwisha nyumbani kwangu.

Anayetoka Kenya na aulize kwanza maana ya majina. Mwenzetu mmoja wa Nairobi alisoma "dengu" akaelewa ndengu, ambazo ndizo choroko zetu, na kwa majuma mawili familia yake ikala chakula cha Utaridi siku ya Mushtari.