Nyota nne kwa familia, moja na nusu kwa wakala: miezi mitatu Würzburg, Ujerumani

Usiku wa kwanza nililala njaa, na kosa lilikuwa langu.

Nilishuka treni ya kutoka Frankfurt Jumapili jioni, katikati ya Septemba 2025, nimechoka hoi. Baba mwenyeji alinipokea stesheni, tukafika nyumbani meza imeshaandaliwa: mkate mweusi, jibini za aina tatu, soseji baridi iliyokatwa nyembamba, nyanya, matango ya siki. Mama akaniuliza kama ningependa kula. Nikajibu, "Hapana, asante," kama binti yeyote aliyelelewa Nyegezi, kule Mwanza, anavyojibu akikaribishwa ugenini mara ya kwanza, huku nikingoja ile ya pili: "Aa, jamani, kula hata kidogo." Mama akasema sawa, akafunika jibini, akanionyesha bafu lilipo. Saa nne usiku nilikuwa nakula biskuti za kwenye ndege chini ya duveti, polepole, ili karatasi isisikike.

Naandika haya kwa wanachuo wa ualimu wanaofikiria kufanya BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, nje ya nchi kupitia wakala anayekutafutia shule na familia ya kukaa nayo. Mimi nilichagua Würzburg kwa sababu ni mji dada wa Mwanza tangu 1966, nikadhani angalau watu watakuwa wamesikia kwetu. Wapo waliosikia. Wengine waliniuliza kama ni karibu na Cape Town. Nililipa yuro 390 kwa mwezi kwa chumba, kifungua kinywa na chakula cha jioni. Ada ya wakala ni juu ya hiyo, nayo hairudishwi.

Chumba sina neno. Kiko juu kabisa, chini ya paa, na dirisha limelala kufuata mteremko wa paa. Ukisimama kitandani unaona mashamba ya zabibu yamepanda kilima, na ng'ambo ya mto Main ile ngome yao ya Marienberg. Kuna hita, meza ya kuandalia masomo, taa nzuri. Hapo nyota tano.

Sasa hewa. Kila asubuhi, hata Novemba ukungu umelala juu ya mto, Mama hupita chumba kwa chumba akifungua madirisha wazi kabisa. Dakika tano, kisha anafunga. Wanasema hewa ikikaa ndani majira ya baridi, unyevu unaleta kuvu ukutani. Siku ya kwanza niliamka na upepo usoni nikadhani nimeambiwa nihame.

Mlango nao uchunguze mapema. Upande wa nje hauna mkono wa kufungulia, una kifundo tu kisichozunguka, kwa hiyo ukijifunga nyuma yako huna ufunguo, imekula kwako. Mimi ilinikuta Jumapili moja ya Oktoba. Nilitoka na kandambili na chupa tatu za jemu nikazitupe kwenye pipa la vioo mwisho wa mtaa. Takataka za pale zina ukoo: karatasi kwake, vifungashio kwake, maganda kwake, vioo kwake, na chupa za plastiki za maji unazirudisha dukani unapewa senti 25 kila moja. Nikasikia "kla" nyuma yangu. Ndani hakuna mtu. Bibi wa jirani akafungua dirisha, nikajua sasa nimepata mwokozi. Akaniambia vioo havitupwi Jumapili, vinapiga kelele. Akafunga dirisha. Dakika mbili baadaye alishuka na blanketi, akaniingiza kwake, akanipa chai ya majani ya mnanaa mpaka kijana wa familia aliporudi kutoka mpirani. Chupa zangu zilikaa mezani kwake muda wote, na nilipoondoka alinikumbusha nizirudishe nyumbani hadi Jumatatu.

Kuhusu majina: walitaka niwaite kwa majina yao ya kwanza, kavu. Mdomo ulikataa. Mtu ana miaka 47, anakufulia mashuka, halafu umwite kama mtoto wa jirani? Nikawa naruka jina kabisa, nasubiri anitazame ndipo niongee. Wiki ya tatu likanitoka "Mama" lenyewe. Alicheka, akasema yeye si mama yangu. Nikamweleza kuwa kwetu hata muuza nyanya ni mama. Tangu siku hiyo akawa anaitika.

Shuleni sikai sana kwa sababu hii si tathmini ya shule. Nilikuwa msaidizi wa Kiingereza, darasa la tano na la sita. Wanafunzi 26 darasani, na mwalimu wangu mlezi analalamika ni wengi. Nilimwonyesha picha ya darasa nililofundisha mwaka jana akanyamaza. Jambo moja tu ulijue: kule alama ya juu ni 1 na ya mwisho ni 6. Mtoto alinionyesha karatasi yenye 5 nyekundu nikampa hongera kwa moyo wote. Bado nikimkumbuka uso wake naona aibu.

Ualimu wenyewe niliuona mezani, jikoni. Binti wa familia yuko darasa la nne, na jimboni Bavaria darasa la nne ndiyo njia panda. Mtoto wa miaka tisa, kumi, anagawanywa: huyu aende gymnasium, sekondari ya kuelekea chuo kikuu, yule realschule, ya kati, yule mittelschule, ya kuelekea ufundi. Ili upewe ruhusa ya moja kwa moja ya gymnasium, wastani wako wa Kijerumani, hesabu na somo la mazingira uwe 2.33 au bora zaidi. Cheti kinatoka Mei, lakini majaribio ya tangu Septemba yanahesabiwa. Namba hiyo ilikaa nasi mezani kama mtu wa sita. Baba alikuwa na karatasi kwenye friji yenye alama zote, na kila jaribio likirudi anapiga hesabu upya, tarakimu mbili baada ya nukta. Mimi nimetoka nchi ya mtihani wa darasa la saba, presha naijua, ila kwetu mtihani ni siku mbili unauogopa kwa pamoja na wenzako. Yule mtoto aliuogopa kidogokidogo, kila wiki, peke yake. Nikaanza kufanya naye hesabu za kugawanya jioni, kwa punje za maharage, na Mama akanipunguzia yuro 40 mwezi wa pili bila mimi kuomba. Hilo halikuwa kwenye mkataba wa mtu yeyote.

Chakula ndicho kimeondoa nyota moja. Cha moto ni mchana, nami mchana niko shule. Jioni, saa kumi na mbili na nusu, ni mkate. Mkate mzuri, nakiri, mzito, wa siki, unashiba. Lakini jioni tisini za mkate! Kwetu mkate ni wa chai.

Halafu Jumamosi moja Baba akarudi na pakiti ya minofu iliyogandishwa, anataka kunifurahisha. Imeandikwa Viktoriabarsch. Nikaigeuza kusoma nyuma: Ziwa Victoria, Tanzania. Sangara! Nimesafiri mpaka Ulaya nimekutana na jirani yangu ndani ya plastiki, hana ngozi, hana mfupa, mweupe kama sabuni. Binti akauliza kichwa chake kiko wapi. Nikamwambia kichwa tunacho sisi. Nikawaeleza viwanda vya Mwanza vinavyokata minofu kuja kwao, na mapanki yanayobaki, kichwa na mfupa wa kati, yanavyokaangwa na kuuzwa mitaani kwetu. Baba akaacha kutafuna kidogo. Mama akauliza mapanki yanapikwaje. Siku hiyo nilisonga ugali kwa polenta, unga wa mahindi unaouzwa kule, kwa sababu nilisahau kubeba unga. Ulikuwa wa njano, una chengachenga, ukiukandamiza unavunjika. Waliusifu. Niliwaonea huruma.

Wakala sasa. Tangazo lilisema shule iko dakika kumi kutoka nyumbani. Ni kweli, kwa gari, na gari ni moja, Baba anaondoka nalo kabla hakujakucha. Mimi nilipanda basi, nikabadilisha tramu, dakika 45 kwenda. Waliniambia nauli imo kwenye ada. Haimo, nilinunua mwenyewe tiketi ya mwezi, yuro 58. Barua pepe ya kuuliza ilijibiwa siku ya tisa, na jibu lilikuwa kiungo cha ukurasa niliokwisha kuusoma. Hakuna aliyefika kuniona hata mara moja. Nyota moja na nusu, na hiyo nusu ni kwa sababu ndio waliochagua hii familia, hata kama ni kwa bahati.

Ukipangiwa nyumba hii, nenda. Ukikaribishwa chakula sema ndiyo papo hapo, hakuna raundi ya pili. Ufunguo uning'inize shingoni. Nunua mahitaji yako Jumamosi, kwa sababu Jumapili maduka yamefungwa. Beba unga wa sembe hata kilo mbili. Dagaa waache. Mimi nilibeba nusu kilo, nikawakaanga Jumanne moja nikidhani nyumba tupu. Mama aliingia jikoni, akasimama, hakusema neno, akaenda kufungua madirisha yote. Siku hiyo hakuyafunga baada ya dakika tano.