Radio 3 na okestra za Uskoti: uzoefu wangu wa miaka minne nikiwa dereva wa teksi Glasgow

Katika mtaa wa Candleriggs, katikati ya Glasgow, kuna ukumbi wa zamani uitwao City Halls. Ulifunguliwa 1841, na tangu 2006 ndiyo maskani ya BBC Scottish Symphony Orchestra, okestra ya BBC ya Uskoti, yaani kundi kubwa la wapiga vyombo. Alhamisi usiku, msimu wa konsati, mimi huegesha gari karibu na hapo kuanzia saa tatu kasorobo, kwa sababu watu wakitoka wanataka teksi.

Miaka minne iliyopita, mvua inanyesha, nilikuwa nazungusha redio kutafuta taarifa ya habari. Nikapita kwenye sauti ya fidla nyingi zinapiga pamoja, taratibu sana, nikaiacha hapo hapo. Dakika kumi baadaye makofi yakalipuka, mtangazaji akasema matangazo haya yanawajia moja kwa moja kutoka City Halls, Glasgow. Nikainua macho. Ukuta wa City Halls ulikuwa mbele yangu. Punde milango ikafunguliwa, na abiria wangu wa kwanza akawa mama wa makamo mwenye koti jekundu. Redio ilikuwa bado inasema. Akaniuliza, "Na wewe umeisikia?" Nikamwambia nimeipata sehemu ya mwisho. Tukaizungumza mpaka Dennistoun, kwake.

Ilikuwa Radio 3, stesheni ya BBC ya muziki wa klasiki, na tangu usiku ule naisikiliza kila wiki. Nawaandikia Waswahili wenzangu mlioko Uingereza, hasa wa kazi za zamu na za barabarani, maana hiki ni kitu kizuri ambacho sijasikia tukiambizana.

Kwanza niseme nilikotoka. Mimi ni mtoto wa Kikwajuni, Unguja, na fidla sikuijulia Ulaya. Marehemu baba alikuwa hakosi taarabu ya redioni, na walipoanza Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa 1905, nyumba nzima ilinyamaza mpaka bashraf iishe. Bashraf haina mwimbaji wala maneno. Ni vyombo vitupu vinavyozungumza: fidla, kanuni, udi, nai. Kukaa kimya nikasikiliza vyombo peke yake ni malezi niliyotoka nayo nyumbani. Nimekutana na Waswahili wengi wanaosema muziki wa klasiki ni wa Wazungu na hauwahusu, na mimi nawajibu kwamba sikio linalojua kusubiri bashraf limeshapita darasa la kwanza.

Sasa huduma yenyewe. Radio 3 inapatikana kwenye FM kati ya 90 na 93 kutegemea ulipo, kwenye redio ya kidijitali, na kwenye simu kupitia programu ya BBC Sounds. Hulipi chochote. Wengi wetu tunaogopa leseni, lakini leseni ni ya televisheni. Ya redio ilifutwa 1971. Kwenye simu utatakiwa ufungue akaunti tu, basi. Konsati za jioni kwa kawaida huanza saa moja na nusu usiku, na mchana kuna kipindi kingine ambacho okestra za BBC zenyewe husikika sana. Ukikosa, konsati nyingi hubaki kwenye BBC Sounds kama siku 30. Jamaa walioko nyumbani au Maskati wajue kwamba programu hiyo ilifungwa kwa wasikilizaji wa nje ya Uingereza mwaka 2025, kwa hiyo msiwatumie viungo vyake.

Si okestra ya City Halls peke yake inayosikika. Edinburgh wana Scottish Chamber Orchestra, okestra ndogo iliyoanzishwa 1974. Kuna Royal Scottish National Orchestra, ambao mizizi yao ni ya 1891. Kuna Dunedin Consort, kikundi kidogo kinachopiga kazi za Bach na Handel, watunzi wa zamani wa Ulaya, kwa vyombo vya zama zao. Agosti, wakati wa Tamasha la Kimataifa la Edinburgh, hurushwa konsati za asubuhi kutoka Queen's Hall, jengo lililokuwa kanisa. Hizo napenda kuzisikiliza nikitoka zamu ya alfajiri, chai mkononi, viatu nimevua.

Lakini moyo wangu uko na ile ya Candleriggs. Ilianzishwa 1935 maalumu kwa ajili ya redio, na ukiisikiliza muda mrefu unahisi kwamba wanajua kuna mtu hayumo ukumbini. Mwaka 1980 BBC yenyewe ilitaka kuivunja ili kubana matumizi. Wanamuziki wakagoma, wiki za mwanzo za Proms, tamasha la konsati la BBC la kila kiangazi, zikafutwa London, na okestra ikanusurika. Nilipoyajua hayo niliwaza: wangeshindwa wale, mimi ningepita Candleriggs miaka yote hii na redio yangu ingekuwa inasoma habari za foleni tu.

Kipande kilichonifunga kamba kabisa kinaitwa The Confession of Isobel Gowdie, cha James MacMillan, mtunzi Mskoti aliyezaliwa 1959. Okestra hiihii ndiyo iliyokipiga mara ya kwanza, kwenye Proms za 1990, ikiongozwa na Jerzy Maksymiuk. Siku nilipokisikia nilikuwa nimeegesha Govan, mtaa wa Glasgow, nikisubiri kazi. Mtangazaji alieleza kwanza: Isobel Gowdie alikuwa mwanamke wa Auldearn, kaskazini mwa Uskoti, aliyekiri uchawi mwaka 1662, zama ambazo sheria ya nchi iliruhusu mchawi auawe. Hakuna kumbukumbu inayoonyesha mwisho wake ulikuwaje. MacMillan akamtungia maombolezo ambayo hakuyapata. Sisi Watanzania habari hiyo haitupiti juu ya kichwa. Tunawajua vikongwe wa Usukumani waliouliwa kwa kuwa macho yao ni mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa jikoni.

Muziki unaanza chini chini, vyombo vya upepo vinavutana kwa upole, kisha nyuzi zinaingia kama wanawake walio chumba cha ndani siku ya matanga, kila mmoja na kilio chake na wote kilio kimoja. Halafu unapasuka. Okestra nzima inapiga dhoruba moja, inarudia, inarudia, mpaka unajua kuna mtu anapigwa humo. Baadaye kilio cha mwanzo kinarudi, safari hii kinapita katikati ya makelele kama mtu aliyekataa kufa. Mwishoni inabaki nota moja. Inavimba, inavimba, gari zima linajaa, halafu kimya. Ni kama dakika 25. Simu iliniletea safari mbili, nikazikataa zote. Nilipomaliza nikamwombea dua yule mwanamke, nikawasha gari.

Hapo ndipo ninapoisifia redio kuliko rekodi za kununua. Unapata maelezo ya mtu anayeijua kazi, unapata kile kimya cha ukumbi kabla kijiti cha kiongozi hakijashuka, kikohozi cha mtu wa viti vya nyuma, pumzi ya mpiga filimbi. Ipo kazi ya Peter Maxwell Davies, mtunzi aliyehamia visiwa vya Orkney na kuishi huko mpaka alipofariki 2016, inayosimulia harusi ya kisiwani kuanzia wageni wanavyoingia mpaka jua linavyochomoza. Mwishoni anatokea mpiga zumari la Kiskoti, lile lenye mfuko wa hewa, anaingia akitembea. Redioni humwoni. Unalisikia zumari kwa mbali, linasogea, linakuja, mpaka linaifunika okestra. Aliyewahi kusikia zumari la harusini likija uchochoroni usiku atajua nasema nini.

Yapo magumu. Muziki huu una sehemu za chini sana na sehemu za juu sana, na gari linalokwenda kasi kwenye barabara kuu ya M8 linazimeza zile za chini zote. Ukiongeza sauti uzisikie, tarumbeta zikiingia zinakurusha kitini. Kwa hiyo garini nasikiliza nikiwa nimesimama. Nikiwa na abiria nazima, isipokuwa akiniomba niache. Kwenye simu ubora ni mkubwa, kilobiti 320 kwa sekunde, na hiyo inakula kama megabaiti 144 kwa saa. Konsati ya saa mbili inakaribia megabaiti 300. Kampuni yangu ya zamani ya simu ilinikata mtandao mara tatu ndani ya simfonia moja, nikawahama. Nyumbani tumia waifai, na uvae hedifoni nzuri, si zile za kufunika sikio moja. Spika ya simu haifai hata kidogo. Fidla zinageuka mbu.

Jambo jingine, matangazo ya kidijitali yanachelewa sekunde kadhaa nyuma ya FM. Kwa mtu aliyekaa nje ya ukumbi kama mimi ni FM tu, nataka makofi yanifikie yanapopigwa.

Opera ni habari nyingine, na hapa natoa nyota tatu pale ambapo konsati nazipa tano. Kosa si la waimbaji. Scottish Opera, iliyoanzishwa 1962 na Alexander Gibson na yenye makao Theatre Royal ya Glasgow tangu 1975, ina waimbaji na okestra ya kusimamisha nywele. Tatizo ni kwamba opera ni tamthilia ya kuimbwa, na redioni unakosa nyuso, mavazi na yale maandishi ya tafsiri yanayopita juu ya jukwaa. Opera yangu ya kwanza ilikuwa ya Kiitaliano, niliisikiliza huku naendesha, na mpaka mapumziko nilikuwa sijui nani anamtaka nani. Ya pili nilijipanga. Nilisoma kisa chake kwanza, nikatulia nyumbani. Ilikuwa ya Mozart, ikipigwa kikonsati, yaani bila maigizo kamili ya jukwaani, na Scottish Chamber Orchestra na kiongozi wao Maxim Emelyanychev, ambaye hupenda kuongoza huku mwenyewe anapiga kinanda. Kuna sehemu waimbaji hawaimbi sawasawa wala hawasemi sawasawa, kinanda kinawasindikiza kidogo kidogo. Wengi huziruka. Mimi zilinikumbusha mtu anayesoma utenzi kwa sauti, maneno yanavuta muziki badala ya muziki kuvuta maneno, na hapo nikaanza kuipenda opera. Anayeanza aanze na Mozart, asome kisa, na asiwe barabarani.

Mwaka jana mke wangu aliniambia, "Baba Salma, miaka yote unakaa nje ya ukumbi ule kama mlinzi. Nenda ndani." Nikakata tiketi, Alhamisi moja nikaacha kazi. Yeye alibaki na watoto, akafungulia redio jikoni. Nilikaa safu za nyuma. Ukumbi ule ni mrefu na mwembamba kama sanduku, na ngoma kubwa zilipopigwa nilizipata kwenye nyayo kabla ya masikio. Niliwaona kwa macho wale niliokuwa nawajua kwa sauti tu: mpiga obo, lile zumari jembamba la okestra, anayefuta mwanzi wake, wapiga besi wamesimama kama mabaharia. Na juu, kwenye nyaya, vipaza sauti vinaning'inia, vidogo. Nikavitazama muda mrefu kuliko nilivyomtazama kiongozi.

Niliporudi mke wangu alikuwa bado macho. Nikamweleza ngoma zilivyotetemesha sakafu. Akasema hilo hakulipata, lakini, je, nilimsikia yule wa filimbi alivyovuta pumzi kabla ya ile sehemu ya peke yake? Nikamwambia sikuisikia pumzi. Akaenda kwenye BBC Sounds, akarudisha nyuma mpaka pale, akaniwekea hedifoni masikioni.