Msaada wa kisheria Ngamiani, Tanga: ofisi yenye wakili wa pili

Kwa miezi saba sasa kikundi chetu cha kutetea haki za wanakijiji kinahudumiwa na ofisi ya msaada wa kisheria iliyopo Ngamiani, katika shauri la ardhi tulilolifungua, na huduma nitakayoieleza zaidi ni ile ambayo wengi hawaiulizii wanapotafuta wakili: wakili wa pili wa kushika shauri iwapo wa kwanza atakamatwa.

Siku ya kwanza mzee wetu mmoja alimwuliza wakili waziwazi: “Mwanangu, wakikukamata wewe, sisi tutasemewa na nani?” Hakuwa akitania. Tito Magoti, mwanasheria wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, alikamatwa Desemba 20, 2019, na kwa kuwa miongoni mwa mashtaka yake lilikuwamo la kutakatisha fedha, ambalo wakati huo halikuwa na dhamana, alikaa mahabusu zaidi ya mwaka, hadi Januari 2021 alipoachiwa baada ya makubaliano na upande wa mashtaka. Miezi mitatu kabla ya kukamatwa kwake, Fatma Karume alikuwa amesimamishwa uwakili Tanzania Bara kwa maneno aliyoyaandika katika hoja zake mahakamani. Kwa majirani zetu Uganda, Januari 2025, wakili Eron Kiiza alifika mahakama ya kijeshi ya Makindye kumtetea mwanasiasa wa upinzani Kizza Besigye, akaishia kuhukumiwa kifungo cha miezi tisa kwa kuidharau mahakama.

Wakili hakuchukizwa na swali. Alifungua jalada letu, akatuonyesha kwa kidole ukurasa wa mbele wenye majina ya mawakili wawili na saini mbili za wino wa buluu. Nakala ya kila hati, alisema, huhifadhiwa kwa wakili wa pili, mtaa mwingine kabisa, ili hata ofisi ikipekuliwa na kompyuta zikachukuliwa, siku ya kesi isitukute mikono mitupu. Kisha akatusomea kanuni ya 18 ya Umoja wa Mataifa kuhusu kazi ya mawakili, iliyopitishwa Havana mwaka 1990, ambayo inakataza wakili kuhesabiwa kuwa kitu kimoja na mteja wake, au na jambo analolipigania mteja huyo, kwa sababu tu ya kutimiza kazi yake. “Na wanaokamata nao wameisoma?” mzee akauliza, na wakili mwenyewe akacheka.

Kasoro zipo. Huduma inaitwa ya bure, lakini kudurufu hati tunalipia wenyewe, na karani hapokei simu baada ya saa nane mchana. Linalonisumbua zaidi ni kwamba huyo wakili wa pili tumemwona mara moja tu, tena mwezi wa nne, ilhali ndiye tutakayemkimbilia wa kwanza akishikwa. Natoa nyota nne; ya tano nitaiongeza siku atakapokaa nasi kulipitia jalada ukurasa kwa ukurasa.