Uzoefu wangu: programu ya akili mnemba kwa homuweki za mdogo wangu wa form two

Habari zenu jamani, nimetumia hii kitu kama miezi mitano sasa na mdogo wangu wa kike, yupo form two shule ya kata, nimeona niandike maana wazazi na walezi wengi wanauliza inasaidia kweli au inaharibu watoto. Ni zile programu unachati nazo kwenye simu, ziko nyingi na zinafanana.

Dogo kasoma msingi miaka saba kwa Kiswahili, kuingia form one karibu kila somo likageuka Kiingereza, na mi muda wote nilikua najua tatizo lake ni hesabu kumbe wala, ni lugha. Siku ya kwanza alikua na swali la Pythagoras, ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta, mguu wa ngazi uko mita 3 kutoka ukutani, tafuta ngazi imefika juu kiasi gani. Kanuni anaijua vizuri tu, ila lile neno la mguu kwa Kiingereza ndo hilohilo la futi, basi akawa anahangaika kubadilisha futi kwenda mita mpaka machozi yanamtoka. Tukaiambia ieleze swali kwa Kiswahili na isitoe jibu, ikamwambia achore ukuta, ardhi na ngazi. Akachora, akaiona pembetatu mwenyewe, 25 toa 9 inabaki 16, kipeuo chake 4, kamaliza. Iliniuma sana kufikiria maswali mangapi kayakosa shule na anayaweza.

Bayolojia pia iko vizuri. Ile praktiko ya kupima wanga kwenye jani, anajua hatua zote kwa kukariri ila hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini, sasa ikamweleza kwamba jani linachemshwa kwenye spiriti ili ule ukijani utoke ndo rangi ya iodini ionekane, na spiriti haiwekwi moja kwa moja kwenye moto inawekwa ndani ya maji ya moto sababu inashika moto haraka. Alivyoenda kueleza hivyo darasani ticha wake akamwita mbele awafundishe wenzake.

Sasa historia hapo muwe makini jamani. Aliuliza kuhusu vita ya Maji Maji, ikatoa vizuri Kinjeketile wa Ngarambe, kulimishwa pamba kwa nguvu na Wajerumani, 1905 mpaka 1907, halafu katikati ikamchomeka Mkwawa, yule chifu wa Wahehe, kama mmoja wa viongozi wa hiyo vita. Mkwawa amekufa 1898! Na imeandika kwa kujiamini kabisa, mtoto angenakili hivyohivyo. Nilivyoibana ikaomba radhi na kurekebisha, ila mtoto aliye peke yake atajuaje kama hapo ndo pa kuibana? Toka siku hiyo historia lazima daftari au kitabu kiwe wazi pembeni, kila mwaka na kila jina analihakiki.

Na kilichonisikitisha zaidi ni Kiswahili, lugha yetu kabisa. Swali la ngeli, wingi wa ua, ikajibu maua, basi. Ua la kwenye bustani sawa ni maua, lakini ua wa nyumba wingi wake nyua na ngeli ni nyingine, na swali lilitaka zote mbili. Kwenye mnyambuliko wa vitenzi nako inabuni maneno ambayo sijawahi kuyasikia popote. Kwa hilo somo tumeacha kabisa kuitumia, anaenda kwa jirani yetu, mama mmoja mwalimu mstaafu, anamfundisha vizuri mno.

Wiki za mwanzo alikua anapiga picha swali anakopi jibu anafunga daftari, nikaja kugundua pale nilipomuuliza swali hilohilo mdomoni akanyamaza. Sa hivi simu naishika mimi, anajaribu kwanza kwenye karatasi, akikwama ananionyesha pale alipokwama ndo tunauliza hapo tu, tena kwa Kiswahili. Bando la elfu moja linatutosha siku kadhaa maana ni maandishi tu.

Kwa hesabu na sayansi naipa tisa kwa kumi, historia tano, Kiswahili mbili. Mwaka huu ana upimaji wa kidato cha pili, tunaendelea nayo kila jioni baada ya kula.